Pesa Itembee Nyuma ya Karatasi

Aprili 21, 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu ambayo kila anayetaka kununua nyumba angefaa kusomewa kabla hajampigia dalali simu. Kesi ilihusu kiwanja kilicho ufuoni Nyali, Mombasa. Mwaka 1989 kiwanja hicho kiligawiwa Daniel arap Moi, aliyekuwa Rais wakati huo. Baadaye kikauzwa kwa kampuni moja, nayo ikakiuza kwa kampuni nyingine, Dina Management. Mwaka 2017 Serikali ya Kaunti ya Mombasa ikabomoa ukuta wa upande wa bahari, ikishikilia kuwa hapo ni mahali pa umma, njia ya watu kwenda ufuoni. Mnunuzi akaenda mahakamani na hatimiliki yake, jina lake limo kwenye daftari la serikali na bei alishalipa. Alishindwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, akashindwa Mahakama ya Rufani, na Mahakama ya Juu ikaufunga mlango.

Sababu ya majaji yaeleweka bila shahada ya sheria. Kiwanja kilikuwa ardhi ya umma, na taratibu za kukigawa hazikufuatwa. Kwa hiyo mgawiwa wa kwanza hakupata hati halali. Asiyekuwa na kitu hana cha kuuza, na anayenunua kwake ananunua hewa hata akipewa karatasi yenye muhuri. Mnunuzi alijitetea kwamba alinunua kwa nia njema. Mahakama ikamjibu kuwa nia njema haitoshi pale ambapo mzizi wa hati wenyewe umeoza.

Tangu siku hiyo swali la mnunuzi limebadilika. Zamani ilitosha kuuliza, "Je, muuzaji ana hati?" Leo lazima aulize pia, "Hati hiyo ilizaliwa vipi, na imepita mikononi mwa nani?" Mnunuzi ambaye hajajibiwa hana sababu ya kutoa pesa. Ninachotaka kusema katika safu hii ni hicho tu: katika ununuzi wa nyumba kila shilingi itembee nyuma ya karatasi, isitangulie. Malalamiko mengi yanayofika kwa mawakili yanatokana na watu waliolipa kwanza na kusoma baadaye.

Hati si neno la mwisho

Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinaichukua hatimiliki kuwa ushahidi kwamba aliyetajwa ndiye mwenye mali. Kifungu hicho hicho kinaruhusu hati kupingwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, au kinyume cha sheria, au bila kufuata utaratibu, au kwa mpango wa kifisadi. Isipokuwa kwa ulaghai, haihitajiki kwamba wewe mnunuzi ndiwe uliyefanya kosa hilo. Waweza kuwa msafi wa moyo na bado ukapoteza.

Hofu hii haikuzuka juzi. Tume ya Ndung'u, iliyochunguza unyakuzi wa ardhi ya umma na kuwasilisha ripoti yake mwaka 2004, ilikadiria kuwa hati takriban 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya mwaka 1962 na 2002. Nyingi ya hati hizo hazikufutwa. Zimeuzwa, zimerithiwa, zimewekwa rehani benki, zimegawanywa kuwa ploti ndogondogo, na leo zinatangazwa kwenye mabango ya barabarani zikiwa na maji na stima.

Kuna jambo jingine linalowafanya wanunuzi wengi kuwa peke yao. Takwimu za Benki Kuu zinaonyesha kuwa mikopo ya nyumba nchini inazunguka 30,000 tu, katika nchi ya watu zaidi ya milioni hamsini. Mwenye kukopa benki ana bahati moja asiyoijua: benki haitoi pesa kabla wakili wake na mthamini wake hawajaichunguza mali. Anayenunua kwa akiba, kwa mkopo wa sacco au kwa pesa za kiinua mgongo hana anayemkagulia. Kila ambacho benki ingeuliza ni juu yake kukiuliza.

Masjala inasema nini

Hatua ya kwanza ni upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi, ambao watu wengi huuita "sachi". Unaomba kwa kutaja namba ya mali, unalipa ada, unapewa cheti. Nairobi ilianza kuhamia mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa ulipozinduliwa Aprili 2021, na ofisi nyingine zinafuata moja baada ya nyingine. Usikubali cheti cha upekuzi ulicholetewa na muuzaji au dalali, hata kiwe kipya namna gani. Omba chako, au wakili wako aombe.

Cheti chenyewe kina sehemu tatu. Sehemu A inaeleza mali: ukubwa wake, na kama ni ya kudumu au ni ya kukodishwa na serikali kwa miaka kadhaa. Sehemu B inamtaja mwenye mali na tarehe aliyosajiliwa. Sehemu C inaorodhesha mizigo: rehani za benki, zuio lililowekwa na mtu anayedai haki, amri za mahakama. Mnunuzi mwenye haraka husoma jina katika sehemu B akafurahi. Mwenye uzoefu huanzia C, kisha anahesabu miaka iliyobaki katika A. Ukodishaji wa miaka 99 uliotolewa miaka ya thelathini ya karne iliyopita unakaribia kwisha. Ukinunua nyumba ya namna hiyo bila kujua kama muda umeongezwa, umenunua miaka michache tu kwa bei ya karne nzima.

Hata hivyo cheti ni picha ya leo. Hakisemi kitu kuhusu jana, na hukumu ya Nyali inataka jana. Kwa mali zilizosajiliwa chini ya ile iliyokuwa Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa, historia imo kwenye kadi iliyowekwa masjalani, ambayo watu huiita kadi ya kijani kwa rangi yake. Wakili makini huomba nakala iliyothibitishwa. Ukiishika, isome kutoka mstari wa kwanza kushuka chini. Kila mstari una namba, tarehe, jina la mwenye mali, kiasi kilicholipwa na saini ya msajili. Tazama aliyeandikwa kwanza kabisa. Akiwa ni mtu binafsi aliyepewa ardhi katika zoezi la upimaji na usuluhishi, hali ni tulivu. Ikiwa mstari wa kwanza unaitaja Serikali au halmashauri ya zamani ya mji, lazima pawe na barua ya ugawaji, ramani ya mpango wa eneo, na risiti za malipo zilizoihamisha kutoka kwa umma. Ziulizie kwa majina. Tazama pia mistari iliyosongamana: mali iliyokaa na mtu mmoja miaka thelathini, kisha ikabadilisha mikono mara tatu katika mwezi mmoja, inakuambia kitu. Na ukikuta hati imetolewa upya kwa madai kwamba ya kwanza ilipotea, tafuta tangazo lake katika Gazeti rasmi la Serikali, kwa kuwa sheria inataka umma ujulishwe kabla msajili hajatoa nyingine.

Neno moja kuhusu barua ya ugawaji. Wapo wanaoiuza kama hati. Mwaka huo huo wa 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi nyingine, ilisema wazi kwamba barua hiyo si hatimiliki. Ni ahadi yenye masharti, na asiyetimiza masharti hakupata ardhi ya kumuuzia mtu.

Aliye mbele yako ni nani

Karatasi zikishatulia, mgeukie mtu. Kitambulisho chake kifanane na jina la kwenye hati, herufi kwa herufi, na namba yake ya Mamlaka ya Mapato (KRA) iwe yake. Ikiwa muuzaji ni kampuni, wakili aombe katika Huduma ya Usajili wa Biashara orodha ya wakurugenzi na wenye hisa, maarufu kwa jina la CR12, ili ijulikane nani hasa ana mamlaka ya kutia saini.

Mali ya marehemu ina mtego wake. Watoto wamekubaliana, mjane amekubali, wazee wa familia wameketi kwenye jamvi na kusoma fatiha, na mnunuzi anaona mambo yamekwisha. Hayajaisha. Chini ya Sheria ya Urithi, msimamizi wa mirathi haruhusiwi kuuza mali isiyohamishika kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wake. Kwa familia za Kiislamu zilizopitia Mahakama ya Kadhi, mnunuzi atazame hukumu ya mirathi yenyewe na mgao wa kila mrithi, maana dada aliyeolewa Lamu ambaye fungu lake halikutajwa anaweza kujitokeza miaka kumi baadaye, na haki itakuwa upande wake.

Muuzaji akiwa na ndoa, Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inakataza mali ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Ridhaa iwe kwa maandishi, mbele ya wakili. Kwa mume wa wake wawili, wakili mwangalifu hutaka saini ya kila mke. Asiye na ndoa ataapa kiapo kwamba hana. Wauzaji wengine huona hili ni kuingiliwa nyumbani kwao, lakini mke asiyejua kuwa nyumba imeuzwa ndiye mtu wa kwanza kuweka zuio ofisini.

Pwani kuna hali ya tatu: mwenye mali yuko Muscat au Dubai, na anayeuza ni mpwa wake aliyepewa uwakilishi. Hati ya uwakilishi isainiwe mbele ya afisa anayetambulika huko aliko, isajiliwe hapa, na itaje mauzo waziwazi, kwani uwakilishi wa kukusanya kodi si uwakilishi wa kuuza. Pia hufa pamoja na aliyeutoa. Piga simu ya video, muone mwenyewe, umsikie akitaja bei. Na ikiwa mnunuzi ndiye jamaa wa Ghuba, akumbuke kwamba Ibara ya 65 ya Katiba inamruhusu asiye raia wa Kenya kumiliki ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Aliyebaki na uraia wa Oman peke yake hawezi kuandikwa kwenye hati ya kudumu, hata kama babu yake alizaliwa Mji wa Kale wa Mombasa.

Uwanjani

Ulaghai rahisi kuliko wote hauhitaji hati bandia. Mtu anakuonyesha ploti nzuri kando ya lami, anakupa hati halali kabisa, na upekuzi unarudi safi. Tatizo ni kwamba hati ni ya ploti iliyo nusu kilomita ndani, kwenye bonde. Dawa yake ni msoroveya aliyesajiliwa. Atachukua ramani ya eneo kutoka idara ya upimaji, atakwenda uwanjani, atazitafuta alama za mipaka na kukuandikia ripoti yenye saini. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya nyumba, lakini ndiyo hatua ambayo wengi huiruka.

Ukiwa hapo zungumza na majirani, na usiende na dalali. Uliza nani anaishi ndani ya nyumba, kwa haki gani, tangu lini. Mpangaji ana mkataba wake. Anayekaa kwa miaka mingi bila ruhusa, waziwazi, anaweza kudai umiliki akifikisha miaka 12, na daftari halimtaji popote. Kisha kagua nyumba yenyewe kwa karatasi: ramani ya ujenzi iliyoidhinishwa na kaunti, na cheti cha kuruhusu watu kuingia kukaa. Ghorofa ya tatu iliyoongezwa juu ya ramani ya ghorofa mbili ni kesi inayokungoja.

Arubuni na mkataba

Sasa ndipo pesa inaanza kutembea. Sheria ya Mikataba inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote, na kila saini ishuhudiwe. Kijikaratasi cha dalali kilichoandikwa "nimepokea" hakitoshi. Desturi, kwa kufuata masharti ya kawaida ya Chama cha Mawakili, ni arubuni ya asilimia 10 wakati wa kusaini na siku 90 za kukamilisha.

Swali kubwa ni arubuni inakaa kwa nani. Muuzaji ataitaka mkononi, mara nyingi kwa sababu anadaiwa. Mnunuzi akatae. Iwekwe katika akaunti ya wakili wa muuzaji kwa sharti lililoandikwa kwamba haitolewi mpaka nyaraka zote zikamilike. Na kila upande uwe na wakili wake. Kutumia wakili mmoja kunapunguza gharama siku ya kwanza, lakini siku ya mgogoro hakuna anayekutetea.

Ikiwa nyumba imo ndani ya shamba la kilimo, mathalan nje ya mji wa Kilifi au Kwale, lazima Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ikubali mauzo. Sheria yake ni ya mwaka 1967 na haina huruma: ombi liwasilishwe ndani ya miezi sita tangu mkataba, la sivyo mkataba unakuwa batili kabisa, isipokuwa mahakama iongeze muda. Kinachobaki ni kudai kurudishiwa pesa kama deni. Bei ya ardhi ikiwa imepanda, muuzaji mjanja huchelewesha makusudi, miezi inapita, anakurudishia zako na kumuuzia mwingine kwa bei ya juu. Andika kwenye mkataba tarehe ya kufika kwenye bodi, na adhabu ya asiyefika.

Salio nalo hulipwa mkono kwa mkono na nyaraka: hati halisi, fomu za uhamisho zilizosainiwa, cheti cha kulipia ada za kaunti, cheti cha kodi ya ardhi ya serikali kwa mali ya kukodishwa, idhini ya uhamisho, ridhaa ya mwenzi, nakala za vitambulisho, namba za KRA na picha. Muuzaji anaogopa kutoa hati kabla ya pesa, na mnunuzi anaogopa kutoa pesa kabla ya hati. Kinachowafikisha ng'ambo ni ahadi ya kitaaluma ya wakili, au ya benki, kwamba salio litalipwa mara usajili ukikamilika. Wakili asiyetimiza ahadi hiyo anaweza kulazimishwa na mahakama na kuadhibiwa na baraza la nidhamu la mawakili. Siku moja kabla ya kukabidhi chochote, rudia upekuzi. Zuio lililowekwa jana halionekani kwenye cheti cha mwezi uliopita.

Bei ya kweli na bei ya mezani

Mthamini wa serikali atakagua mali kabla ya ushuru wa stempu kukadiriwa: asilimia 4 ya thamani mijini, asilimia 2 mashambani. Huo ni mzigo wa mnunuzi, ingawa anayenunua nyumba yake ya kwanza chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu amesamehewa. Mzigo wa muuzaji ni kodi ya faida ya mtaji, iliyopanda kutoka asilimia 5 hadi 15 kuanzia Januari 1, 2023.

Hapo ndipo muuzaji husema kwa sauti ya chini: "Ndugu yangu, tuandike bei ya chini, sote tutafaidi." Tuipige hesabu, tuache gharama nyingine kando. Nyumba Mombasa inauzwa shilingi milioni 8, na muuzaji aliinunua kwa milioni 3. Faida yake ni milioni 5, kodi ni shilingi 750,000. Wakiandika milioni 5, kodi yake inashuka hadi 300,000, na mnunuzi anaokoa asilimia 4 ya milioni 3, yaani 120,000, iwapo mthamini atadanganyika. Miaka ikapita, mnunuzi naye anauza kwa milioni 10. Karatasi zinasema alinunua kwa 5, hivyo faida yake mbele ya KRA ni milioni 5 badala ya 2, na anatozwa 750,000 badala ya 300,000. Ameokoa 120,000 ili alipe 450,000 zaidi. Kwa maneno mengine, ameibeba kodi ya muuzaji na kuilipa mwenyewe kwa jina lake. Na mauzo yakivunjika kabla ya hapo, mahakama itamrudishia kilichoandikwa. Milioni 3 zilizopita chini ya meza zitabaki chini ya meza. Yote hayo ni mbali na kwamba ni kosa la jinai.

Ushuru ukishalipwa, fomu za uhamisho zinapelekwa masjalani kusajiliwa. Hati mpya ikitoka, fanya upekuzi wa mwisho ulione jina lako limeandikwa sawasawa, kisha badilisha jina kwenye akaunti ya ada za kaunti. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na masjala ya ardhi imewathibitisha.

Fleti, na nyumba bila ardhi

Kwa mnunuzi wa fleti kuna Sheria ya Sehemu za Majengo iliyoanza kutumika Desemba 2020. Chini yake kila fleti inapata hati yake yenyewe, pamoja na fungu katika ngazi, lifti, paa na maegesho. Kabla ya hapo mnunuzi alipewa ukodishaji mrefu na hisa moja katika kampuni ya kusimamia jengo, na majengo mengi bado yamo katika hali hiyo. Uliza jengo lako limefikia wapi katika kubadilishwa. Uliza kama hati mama imewekwa rehani, na kama benki imekubali kwa maandishi kuitoa fleti yako kwenye mkopo huo. Ukinunua ambayo haijajengwa, malipo yafuate hatua za ujenzi zilizothibitishwa na msanifu, yasifuate kalenda ya mauzo. Mkuza majengo akifilisika, aliyelipa asilimia 80 kwa msingi uliofika magotini atasimama kwenye foleni nyuma ya benki.

Pwani tuna aina ya umiliki inayowashangaza watu wa bara: nyumba bila ardhi. Katika mitaa ya Mombasa kama Majengo, Likoni na Kisauni, mtu anamiliki kuta na paa, na mwenye kiwanja ni mwingine, anayelipwa kodi ya kiwanja. Mizizi yake ni desturi ya kale ya Pwani, yenye asili katika sheria ya Kiislamu, ya kutenganisha jengo na ardhi, ikachanganyika na Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Sheria hiyo ya kikoloni iliwataka watu wa ukanda wa pwani wajitokeze kudai ardhi zao, na isiyodaiwa ikawa ya Taji. Wenye kujua utaratibu walijiandikisha. Wengi wengine wakajikuta wapangaji juu ya udongo wa mababu zao.

Nyumba za namna hii zinauzwa kila siku, na bei yake huwavutia walimu, manesi na wafanyakazi wa bandari. Hakuna hatimiliki ya kupekua kwa jina la muuzaji. Kwa hiyo fanya upekuzi wa ardhi iliyo chini, umjue mwenyewe. Taka risiti za kodi ya kiwanja za miaka mingi, mfululizo bila pengo. Taka mkataba wa asili kati ya mwenye nyumba na mwenye ardhi, na barua mpya ya mwenye ardhi inayokutambua wewe. Ikiwa ardhi ni ya wakfu, kutana na Tume ya Wakfu, maana mali ya wakfu haiuzwi, na kodi inayolipwa ina masharti yake. Baada ya yote hayo, jua unanunua nini: haki ya kukaa maadamu mwenye ardhi hajauza au hajaamua kujenga. Kwa bei inayolingana na haki hiyo, ni biashara. Kwa bei ya nyumba yenye hati, ni hasara iliyopakwa rangi.

Deni la serikali kwa mnunuzi

Nimeorodhesha kazi nyingi na zote nimemtwika mnunuzi. Hivyo ndivyo sheria ilivyo leo, na sidhani ni haki. Usajili wa ardhi ulianzishwa ili raia aamini daftari la serikali asihitaji kuchimba nyuma yake. Mahakama ya Juu ilikuwa sahihi kuilinda njia ya umma ya kwenda baharini. Lakini aliyetoa hati ile ya kwanza alikuwa afisa wa serikali, na aliyepoteza pesa ni mtu aliyeisadiki serikali hiyo hiyo.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inatambua fidia kwa anayeumizwa na makosa ya daftari. Kwanza, fidia hiyo iwe njia inayopitika, yenye muda na utaratibu unaojulikana. La pili ni jepesi zaidi. Ikiwa mnunuzi anatakiwa na mahakama kujua mzizi wa hati, basi ofisi ya ardhi imuuzie mzizi huo: historia nzima ya mali tangu mgawo wa kwanza, barua na ramani zikiwa ndani, kwa ada moja iliyotangazwa na kwa siku zinazohesabika. Hivi sasa historia hiyo hutegemea faili kuonekana au kutoonekana rafuni siku utakayofika.

Mpaka hapo, mwambie wakili wako aongeze kifungu kimoja katika mkataba: muuzaji athibitishe kwamba mali haikuwahi kuchukuliwa kutoka kwa umma kinyume cha sheria, na kwamba ikibainika hivyo wakati wowote, atarudisha bei yote, gharama zote na thamani ya ulichojenga. Muuzaji mwaminifu atasaini bila maneno mengi. Atakayekataa amekupa jibu ambalo hakuna upekuzi ungekupa, nawe hujampa hata shilingi.